Mtamba wa Nyuzi Nne

Vijana mnaokuja hapa Mandewa kuniuliza mnunue gitaa gani la besi, nimegundua kwamba wengi wenu huja mkiwa mmeshalinunua. Mnalileta limefungwa kwenye shuka, mnalilaza mezani, mnaniuliza, "Mzee, linafaa?" Nami nifanye nini? Nalisifu. Nakunywa soda mliyoniletea, nalisifu tena, mnaondoka. Sasa nimeona niandike, ili atakayekuja tena aje na soda tu, gitaa aliache dukani mpaka amalize kusoma.

Nimepiga besi tangu enzi za Mwingereza mpaka vidole vilipokataa kufunga hata vifungo vya shati. Sikusomea. Wakati ule hapakuwa na mahali pa kusomea besi, na kama pangekuwepo nisingeweza kwenda kwa sababu nilikuwa na ng'ombe wa kuchunga. Kuchagua gitaa la kwanza nilijifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe nusura linikoseshe mke. Kwa hiyo nikiwaambia tazama shingo, pima uzito, uliza linakula nini, msidhani ni mzee anatafuta wa kuzungumza naye.

Tuanze na sanduku. Mimi nilianza na sanduku la chai. Unalipindua, unatoboa tundu katikati, unapitisha kamba, kamba unaifunga kwenye ncha ya fimbo, na fimbo unaisimamisha ukingoni mwa sanduku. Ukiivuta fimbo sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Hiyo ndiyo besi niliyoipiga katika bendi yetu, Upepo Jazz, pale mjini Singida. Bendi iliongozwa na Bwana Ramadhani, fundi cherehani, mpiga gitaa, mtu nadhifu sana. Tulikuwa na magitaa makavu mawili, yasiyo ya umeme, ngoma, manyanga, na mimi. Watu walicheza. Lakini Bwana Ramadhani hakupenda kuonekana jukwaani karibu na sanduku.

"Yosefu," aliniambia siku moja akiwa na pini mdomoni, "hiyo si besi. Huo ni mzigo. Baada ya mavuno tuna dansi kubwa kwenye ukumbi wa welfea. Uje na besi ya kweli. Ukija na fimbo na kamba, ukae na watazamaji."

Wakati huohuo nilikuwa na mchumba. Aliitwa Naomi, binti wa Mzee Yakobo wa Ulemo, kule Iramba. Nilimwona mara ya kwanza kwenye mnada, akiuza karanga, nami nikipiga sanduku mbele ya duka la Mwarabu. Alisimama akanitazama wimbo mzima, kisha akauliza, "Humo ndani mna nini?"

"Mna sauti," nikasema.

"Basi umeifungia vizuri. Haitoki."

Nilipeleka posa. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekwenda ni baba mdogo, na akarudi na jibu zuri: Mzee Yakobo atakuja mwenyewe kuchagua ng'ombe. Huko ni hivyo. Mtu hatumi tu ng'ombe kama anatuma salamu. Wenye binti huja, wakazunguka zizini, wakatazama meno, wakaminya mgongo, wakavuta mkia, na wanayemkataa anakataliwa palepale mbele ya mwenye mji. Mzee Yakobo alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alifika kwetu na fimbo yake, hakunywa hata maji, akaingia zizini. Akampita mtamba mweupe, jike ambaye hajazaa bado. Akampita wa mabaka. Akaweka mkono juu ya mgongo wa mtamba mwekundu.

"Huyu," akasema. "Akae hapa anenepe. Mtaniletea baada ya mavuno, pamoja na wengine."

Kwa hiyo mnaona, yote yalikuwa baada ya mavuno. Dansi baada ya mavuno, mahari baada ya mavuno. Nilikuwa na muda wa kutosha kuharibu vyote viwili.

Gitaa lilikuja kwa lori. Dereva alikuwa anatoka Nairobi kupitia Arusha, akasimama Mandewa kutafuta maji, na mimi nilikuwa kando ya barabara na ng'ombe. Aliponiona natazama ndani ya lori lake alinifunulia blanketi. Ndani mlikuwa na gitaa jekundu, refu shingo, lina nyuzi nne nene. Akasema ni gitaa la besi. Akasema hata Dodoma hawajaliona. Hilo la Dodoma ndilo lililonimaliza.

Sasa sikilizeni nilivyolichagua, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Mimi katika maisha yangu nilikuwa nimejifunza kuchagua kitu kimoja tu, nacho ni ng'ombe. Basi nililizunguka. Nikalipapasa mgongo. Lilikuwa zito, nikafurahi, maana mnyama mzito ndiye mwenye afya. Rangi yake ilimeremeta, nikajua halina kupe. Nikatazama nyuzi zake nne kama mtu anavyotazama chuchu, na zote zilikuwa nzima. Kisha nikakwangua uzi mmoja. Lori lilikuwa bado linaunguruma pembeni yangu, na nikasikia mngurumo mnene, mzuri, unaopanda kutoka ardhini mpaka magotini. Niliipenda mno sauti ile. Ilikuwa ya lori.

Msijaribu gitaa la besi karibu na injini. Mambo mengine nitakayowaambia mnaweza kubishana nayo, lakini hilo hapana.

Na sikuuliza linakula nini. Nani anauliza ng'ombe anakula nini?

Dereva alitaka mtamba ampelekee mama yake. Nilimwonyesha wote watatu, nikitumaini atachukua wa mabaka. Akampita mweupe, akampita wa mabaka, akaweka mkono juu ya mwekundu. Kumbe dereva naye alizaliwa zizini. Nilijiambia kwamba mtamba ni mtamba, nitapiga dansi, nitapata mwingine, nitampeleka Ulemo, mzee hatajua. Nikampa. Baba mdogo alikuwa shambani.

Jioni ile nilikaa nyuma ya nyumba, nikalipakata gitaa langu, nikapiga. Halikusema kitu. Nikapiga kwa nguvu. Likatoa mlio wa mbu aliye chumba cha pili. Nilidhani limechoka na safari, nikaliacha lilale.

Kesho yake nililipeleka kwa Bwana Ramadhani. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akalitazama ubavuni.

"Tundu liko wapi?"

"Halina."

"Gitaa halina tundu?" Akaligonga kwa kidole. Lilikuwa ubao mtupu, mbao ngumu mwanzo mpaka mwisho. "Yosefu, umeuziwa ambalo halijamalizwa."

Watu walianza kukusanyika, kila mmoja akaligonga. Ilionekana wazi kwamba fundi wa Nairobi alikuwa amesahau tumbo. Bwana Ramadhani, kwa kuwa ni mtu wa kutenda, alimtuma mtu kwa seremala akaazime keekee ya kutobolea mbao, akachukua chaki yake ya kukatia suruali, akachora duara zuri kabisa katikati ya gitaa langu. Keekee ikaletwa. Nami nililishika gitaa lisitikisike.

Aliyeliokoa ni Mzee Chilewa. Huyu alikuwa Mgogo wa Kintinku, fundi baiskeli aliyekaa kwenye baraza la duka alimoshonea Bwana Ramadhani, na nyumbani kwao alikuwa mpiga zeze. Alikuwa na maoni kuhusu kila jambo na hakungoja kuulizwa. Alikuwa akiziba pancha, mikono imejaa gundi, akapaza sauti.

"Ninyi Wanyaturu mkizaa mtoto bubu huwa mnamtoboa shavu?"

"Tulia na baiskeli zako, mzee," Bwana Ramadhani akasema.

Mzee Chilewa hakutulia. Alikuja, akampokonya keekee, akaikalia. Kisha akatufundisha. Zeze, alisema, ni kijiti na uzi na kibuyu. Ukiondoa kibuyu unabaki na kijiti na uzi, na hakuna atakayekusikia isipokuwa mke wako, naye atakasirika. Uzi hauna sauti, sauti ni ya tumbo. Hiki kijiti chenu chekundu hakina tumbo, basi kiazimieni.

Alitazama huku na huku, akaliona sanduku langu la chai, lile ambalo Bwana Ramadhani hakutaka kuliona. Akalipindua, akasimamisha kitako cha gitaa juu ya ule ubao wake mwembamba, akaegemeza shingo begani, akavuta uzi kwa dole gumba.

Jamani. Niliisikia miguuni kwanza. Ubao wa sanduku ulitetema, sakafu ya baraza ikatetema, na bakuli la maji ya kukagulia pancha likafanya mawimbi. Bwana Ramadhani alichukua kitambaa, akafuta duara lake la chaki.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kulichomeka kwenye umeme. Wakati ule umeme mjini kwetu ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, na kile kishimo cha ubavuni nilidhani ni kitovu. Siku lilipolishwa chakula chake cha kweli niliruka, nikadhani limenikasirikia kwa kulishindisha njaa. Lakini ninyi mnaoanza leo nawashauri mfanye kama Mzee Chilewa. Kabla hujalipa, zima spika, simamisha kitako cha gitaa juu ya meza au juu ya mlango wa kabati, piga. Ubao utakuambia gitaa lenyewe likoje. Spika husema uongo kama lori.

Shingo nayo. Fumba jicho moja, tazama kutoka kichwani kwenda kitakoni, kama unavyotazama mpini wa jembe. Ikiwa imepinda kidogo, muulize muuzaji. Ikiwa imepinda sana, msalimie uondoke. Bonyeza kila uzi kila mahali. Ukisikia mkwaruzo, usikubali kuambiwa kwamba utaisha. Lipachike begani, usimame nalo muda wa nyimbo kadhaa, hata kama muuzaji anakutazama vibaya. Langu lilikuwa zito kwa sababu nililichagua kwa uzito, na bega langu la kushoto mpaka leo liko chini kuliko la kulia. Mshonaji wa makoti yangu analijua.

Mzee Chilewa alinifundisha miezi ile yote, kati ya baiskeli moja na nyingine. Uzi mnene ulipokatika aliweka waya wa breki, na ulidumu kuliko wa Nairobi. Nyuzi zikifa sauti kwa jasho na vumbi alinionyesha kuzichemsha kwenye sufuria, ukazianika, zikafufuka. Kuhusu malengelenge ya vidole, alinipeleka ziwani Kindai, akaniambia nitumbukize mkono kwenye yale maji ya chumvi na nisipige kelele. Nilipiga kelele. Alikuwa mwalimu mkali na mwenye matusi, na sijapata kumpenda mwalimu mwingine kama yeye.

"Unapiga nyingi mno," alikuwa akisema. "Kazi yako ni kusindikiza. Ukiona watu wanakutazama, umekosea."

Basi nikiwa nimeanza kuelewa, ujumbe ukafika kutoka Ulemo. Wauza chumvi wanatembea, na midomo yao inatembea zaidi. Mzee Yakobo alikuwa amesikia kwamba mtamba wake mwekundu amegeuka ubao. Alisema hivi tu: Yosefu aje, na huo ubao aje nao.

Baba mdogo alikataa kunisindikiza. "Mimi niliposa kwa ng'ombe," alisema. "Anayeposa kwa mbao akatafute seremala." Nilikaa kitako nikaogopa kwelikweli. Mtamba nilikuwa sina, nafasi jukwaani nilikuwa bado sijaipata, na Naomi angeweza kuolewa na mtu yeyote mwenye zizi na akili. Mzee Chilewa alipoiona hali yangu alifunga vifaa vyake, akasema atakwenda yeye. Nilimkumbusha kwamba yeye si ndugu yangu. Akasema ndiyo maana anaweza kunitetea.

Tulipanda lori la mizigo, tukashushwa njia panda, tukamalizia kwa miguu tukiisukuma baiskeli, sanduku la chai limefungwa kwenye keria, gitaa mgongoni kwangu. Watoto walitufuata. Tulipofika, Mzee Yakobo alikuwa amekaa uani na wazee wenzake. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakitwanga mtama, na nilijua mmoja wao ni nani bila kutazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kisha akauliza, "Mtamba wangu yuko wapi?"

Nilishusha gitaa mgongoni, nikalisimamisha mbele yake. "Huyu hapa, baba."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mzee Yakobo aliinuka, akashika fimbo yake, akalizunguka gitaa kama alivyomzunguka mtamba kwetu Mandewa. Akalipapasa mgongo. Akavuta uzi mmoja, akaangalia kama unarudi.

"Ana umri gani?"

"Sijui, baba."

"Ulimchukua bila kutazama meno?"

"Hana meno, baba."

"Basi huyu ni mzee." Akageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa. "Atazaa?"

"Hazai."

"Maziwa?"

Mzee Chilewa akadakia. "Maziwa yapo, mzee mwenzangu. Ila huyu hakamuliwi na kila mtu."

"Mkamueni."

Nililipindua sanduku, nikasimamisha gitaa, nikaanza. Sasa, besi peke yake si muziki, ni mtu anayetembea chumba cha pili. Unajua yupo, hujui anakwenda wapi. Nilipiga na jasho linanitoka, wazee wananitazama, na nikakumbuka kwamba wakikutazama umekosea. Ndipo nilipousikia mchi. Kule nyuma kuna mmoja alikuwa ameanza kutwanga kwa nguvu kuliko wenzake, kwa mpigo ulionyooka kabisa, na baada ya kidogo wenzake wakamfuata. Nikaacha kila kitu nilichokuwa nimekipanga nikaufuata ule mchi. Mchi ukishuka nami nashuka. Wanawake wakaanza kuitikia, kisha mmoja akatia wimbo, na mzee mmoja kati ya wale waliokaa akawa anatikisa mguu bila habari. Naomi aliniambia baadaye kwamba mtama ule aliutwanga ukawa unga, na unga akauendeleza, ili nisikose cha kushika.

Mzee Yakobo aliinua mkono, nikanyamaza. Michi nayo ikanyamaza.

"Nilichagua mtamba," alisema. "Wewe ukambadilisha na kitu hiki. Basi kitu hiki ndicho mtamba wangu. Kiingie zizini."

"Baba, Jumamosi nina dansi. Bila hiki sina kazi."

"Dansi ni lako, mtamba ni wangu." Hakupandisha sauti. "Ukitaka, mchukue uende naye. Hakuna atakayekufuata. Ila mahari itakuwa haijafika, na binti yangu ataendelea kutwanga hapa."

Nilimwona Naomi amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono imejaa unga, ananitazama usoni bila aibu ya wazee. Sikufikiri sana, ingawa wengi hudhani nilifikiri. Nilimtaka yeye. Besi nilikuwa naitaka pia, lakini nikilikosa lile gitaa ningelia tu, na nikimkosa Naomi nisingeweza kuishi. Nililibeba mwenyewe nikaliingiza kwenye chumba cha ndama, ndani ya tembe yao, ile nyumba ya paa bapa la udongo, nikaliegemeza ukutani. Ndama mmoja alilinusa. Nikatoka nikaaga.

Tulirudi kwa njia ileile. Sanduku tupu liligongagonga kwenye keria.

Jumamosi alasiri nilikwenda welfea. Madansi yetu yalikuwa ya mchana kwa sababu kibali cha Bwana DC kilikwisha jua likizama. Bwana Ramadhani alikuwa na shati jeupe na tai aliyojishonea.

"Gitaa liko wapi?"

"Liko zizini."

"Zizi gani?"

"Ulemo."

Alinitazama kwa huruma halisi, na nilimshukuru kwa hilo. "Basi, Yosefu, kaa na watazamaji." Nikakaa benchi la nyuma. Walianza kupiga bila besi, na ilikuwa kama nyumba iliyoezekwa kabla ya kujengwa kuta. Ningeweza kufurahi. Sikufurahi, nilikuwa naumia vidole kwa kutaka kushika kitu.

Katikati ya wimbo wa pili nikaona watu wa mlangoni wanapisha. Mzee Yakobo aliingia, fimbo mkononi, koti la Kizungu, miguu imejaa vumbi la safari. Begani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Nyuma yake alikuwa Naomi. Nilisimama haraka mpaka benchi likaanguka na wenzangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnyama huyu ana kichaa," alisema. "Hali, halali chini, na ndama wamemlamba." Alifungua ngozi. Ni kweli, upande mmoja rangi ilikuwa imefifia. "Nimekuja kumwekesha."

Pengine vijana wa leo hamlijui hili. Huku kwetu mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Aliwawekesha kwa watu anaowaamini, huyu hapa, huyu kule. Anayefuga anakunywa maziwa, mnyama ni wa mwenyewe, na akifa unampelekea ngozi yake. Lakini hakuna anayewekesha mnyama kwa mtu asiyemjua wala asiyemtaka. Nilijua maana yake, ila sikuthubutu kuisema hata moyoni, nikaogopa nimesikia vibaya.

"Mkamue, nione," alisema, akakaa benchi la mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, kama mtu aliyekuja mnadani.

Mzee Chilewa alikuwa ameshaleta sanduku jukwaani. Jukwaa la welfea lilikuwa la mbao, na sanduku lilipokaa juu yake na gitaa likakaa juu ya sanduku, ukumbi mzima ukawa tumbo. Bwana Ramadhani alianza, ngoma ikafuata, nami nikaingia chini yao. Nilipiga kidogo. Niliutafuta ule mchi kichwani nikaufuata. Nikaona miguu ya watu inabadilika, wanaacha kurukaruka, wanaanza kukanyaga, na wote wanatazamana wao kwa wao. Hakuna aliyenitazama mimi isipokuwa Mzee Yakobo, ambaye alikuwa anatazama mikono yangu bila kupepesa, na Naomi, ambaye hakuwa anatazama mikono.

Wimbo ulipoisha Bwana Ramadhani aliruka chini ya jukwaa, akaenda moja kwa moja kwa mzee, akapiga goti kwa adabu. Nilisikia kila neno. Alisema bendi ingependa kulinunua gitaa lile liwe mali ya bendi, na kwamba yeye ana ng'ombe kwao, atatoa mitamba miwili, mzee achague mwenyewe. Mitamba miwili kwa ubao uliolambwa na ndama. Niliinamisha kichwa. Mzee Yakobo alikuwa mtu wa ng'ombe, na hata mimi ningemshauri akubali.

Alifikiri. Alichukua muda wake wote, kama zizini.

"Hapana," alisema. "Mnyama huyu hauzwi." Kisha akainua fimbo akanielekezea mimi, mbele ya ukumbi mzima. "Na yule anayemchunga ni mkwe wangu. Msimweke nyuma tena."

Bwana Ramadhani akarudi jukwaani, akaanzisha wimbo unaofuata. Niliupiga vibaya kuliko wimbo wowote niliowahi kupiga maishani, na hakuna aliyenisema.